Sura ya 6: Nianze Kununua Kifaa Gani?

Swali hili hunijia kwa namna nyingi. Mmoja anauliza kama milioni mbili zinatosha kupata mashine ya maana. Mwingine kaambiwa atafute kadi ya grafiki kwanza, mengine yatafuata. Wa tatu katoka dukani na neno moja tu, i7, na anataka kujua kama hilo linamaliza kila kitu. Wote wanataka kitu kimoja: kompyuta ya mezani iliyoungwa kifaa kwa kifaa kulingana na mahitaji yao, si ile inayouzwa ikiwa imeshafungwa kiwandani.

Huwa sijibu kwa jina la kifaa. Huuliza maswali manne: utatumia programu gani, mafaili yako ni ya aina gani, mashine itafanya kazi saa ngapi kwa siku, na umeme wa hapo ulipo ukoje. "Kuhariri video" ni jibu pana mno, na "kazi za ofisi" pia. Ukiyajibu kwa undani maswali hayo manne, vifaa vingi vinaondoka vyenyewe kwenye orodha, na unabaki na viwili vitatu vya kulinganisha.

Kuna wanaoishia hapo hapo. Kama kazi yako ni barua, mahesabu na intaneti, usiunge mashine. Nunua ya mtumba iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, uokoe fedha nyingi. Angalia tu prosesa yake: kwa Intel iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, maana Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitambui rasmi prosesa za nyuma ya hapo. Ujue pia kwamba mashine nyingi za aina hiyo zina pawasaplai na madabodi za umbo la kampuni yenyewe, kwa hiyo kuzipanua baadaye ni vigumu.

Kwa waliobaki, nitatumia mfano wa mhariri wa video za harusi wa Dar es Salaam. Anarekodi kicheni pati, sendofu, ibada na ukumbini, kwa kamera ya kisasa na kwa ubora wa 4K. Anahariri kwa Premiere Pro. Kompyuta yake ya sasa, kila akibonyeza kucheza, picha inaruka na sauti inatangulia. Kila aliyemwomba ushauri amemwambia anunue kadi kubwa ya grafiki.

Mashine inakwama wapi?

Kabla ya kununua chochote, ni lazima ajue kinachomchelewesha. Kompyuta ina sehemu nne zinazoweza kukwamisha kazi ya namna hii. Prosesa ndiyo inayofanya mahesabu ya kila programu. RAM ni kumbukumbu ya muda, inayoshika kile kinachofanyiwa kazi sasa hivi na kufutika umeme ukizimwa. Diski ndiyo hifadhi ya kudumu. Kadi ya grafiki hushughulikia picha. Fungua Task Manager ya Windows wakati kazi inaganda, utaona ni ipi kati ya hizo imefika asilimia 100 na zipi zimekaa bure. Ni kipimo rahisi kisicho na gharama, na ninasikitika kuona jinsi watu wengi wanavyotumia mamilioni bila kukifanya.

Kwa mhariri wetu kuna jambo jingine linalohitaji nafasi yake. Kamera haihifadhi picha zote kama zilivyo. Faili lingekuwa kubwa kupita kiasi. Huibana video kwa kanuni maalumu, na mbili zinazotumika zaidi ni H.264 na H.265. Kila mara mhariri anapobonyeza kucheza, kompyuta inalazimika kuifumua video hiyo papo hapo, picha 25 au 50 kwa sekunde. Ndiyo maana ndani ya prosesa nyingi na kadi za grafiki kumewekwa kipande kidogo ambacho kazi yake ni kufumua video tu. Kipande hicho kikiijua aina ya faili lako, video inateleza. Kisipoijua, kazi yote inaiangukia prosesa, na hapo ndipo picha inaporuka.

Kamera nyingi mpya, Sony a7 IV ikiwa mojawapo, zinaweza kurekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2. Biti 10 maana yake ni ngazi nyingi zaidi za kila rangi, na 4:2:2 ni kipimo cha wingi wa taarifa za rangi zinazohifadhiwa. Wapiga picha wanaipenda kwa sababu shela nyeupe na ngozi nyeusi zinaweza kurekebishwa rangi bila kuharibika. Lakini kadi za grafiki za Nvidia hazikuwa na uwezo wa kufumua aina hiyo mpaka mfululizo wa RTX 50 ulipotoka mwaka 2025. RTX 3060 haina. RTX 4090, iliyokuwa kadi ya juu kabisa ya kizazi chake, haina. Grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa za mezani za Intel inao tangu kizazi cha 11.

Sasa tazama mtego. Dukani atakuta Core i5-12400 na Core i5-12400F. Ya pili ni nafuu zaidi, na muuzaji atamwambia ni kitu kile kile. Herufi F inaonyesha kwamba prosesa hiyo haina grafiki ya ndani inayofanya kazi. Mhariri wetu akichukua yenye F, kisha akaongeza akiba hiyo kwenye RTX 3060, atakuwa ameacha dukani kipande pekee alichokihitaji. Angefanya vema zaidi kuchukua i5-12500, ambayo grafiki yake ya ndani ina vipande viwili vya kufumua badala ya kimoja, na kadi ya grafiki ikasubiri.

Kujua aina ya faili lako, tumia programu ya bure iitwayo MediaInfo. Ukikuta H.264 ya biti 8 yenye 4:2:0, pumua: karibu kila grafiki ya miaka kumi iliyopita inaifumua, na ushauri niliotoa hapo juu kuhusu grafiki ya ndani haukuhusu.

*Kwa ufupi:*
- *Pima kwanza kinachokwama, kwa Task Manager.*
- *Tambua aina ya mafaili yako, kwa MediaInfo.*
- *Soma herufi ya mwisho ya jina la prosesa. F kwa Intel ni kutokuwa na grafiki ya ndani.*

Soketi ni uamuzi wa miaka

Madabodi ni ule ubao mpana wa saketi unaobeba vifaa vingine vyote. Katikati yake kuna soketi, yaani kitako ambacho prosesa hukalia. RAM, diski na kadi unaweza kubadilisha kimoja kimoja mfuko ukiruhusu. Soketi huibadilishi, umeinunua pamoja na ubao wenyewe, na imeshaamua prosesa zote utakazoweza kuweka mbele ya safari.

Sokoni utakutana zaidi na tatu. AM4 ya AMD imebeba prosesa za Ryzen tangu 2017. AM5, ya kampuni hiyo hiyo, ilikuja 2022, na AMD imeahidi kuendelea kuitolea prosesa mpaka 2027 na zaidi. LGA 1700 ya Intel ilianza mwishoni mwa 2021 na kuchukua vizazi vya 12, 13 na 14. Baada ya hapo Intel ilihamia LGA 1851, Oktoba 2024. Prosesa ya soketi moja haikai kwenye nyingine.

Kwa mtu anayeanza na fedha kidogo akitarajia kupanda taratibu, ninapendekeza AM5 bila kusita, hata kama leo ataweka prosesa ya chini. Waliochukua AM4 mapema walionja faida ya ahadi ya namna hiyo: madabodi nyingi za 2017 ziliweza kupokea Ryzen 5000 miaka kadhaa baadaye, baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ndogo ya kwenye ubao inayoamsha mashine kabla ya Windows. Mhariri wetu namwacha kwenye LGA 1700 ingawa njia yake imeishia kizazi cha 14, kwa kuwa kazi yake inadai grafiki ya ndani ya Intel na bei imeshashuka.

Hapo kuna mambo mawili ya kumwonya. Madabodi za LGA 1700 ni za aina mbili, zile za RAM ya DDR4 na zile za DDR5, na RAM hizo haziingiliani: zote zina miguso 288, lakini pengo la katikati limewekwa mahali tofauti. Halafu, mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipokea volti nyingi kupita kiasi na kuharibika taratibu. Ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Akichukua ya vizazi hivyo, amwambie fundi asasishe BIOS kabla mashine haijatoka dukani.

RAM na diski

Fundi cherehani mwenye meza ndogo hulazimika kila mara kurudisha kitambaa kabatini ili apate pa kukatia kingine. RAM ndiyo meza hiyo, diski ndiyo kabati. Kwa Premiere yenye mafaili ya 4K, GB 16 ni meza ya kubana na GB 32 inatosha vizuri.

Zinunue mbili za GB 16, usinunue moja ya GB 32. Prosesa husoma RAM mbili kwa wakati mmoja kupitia njia mbili, na grafiki ya ndani, ambayo haina kumbukumbu yake na inaazima ya RAM, hupata nafuu kubwa kwa hilo. Kwenye ubao wenye nafasi nne, kawaida huwekwa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha ingia kwenye BIOS uwashe XMP, au EXPO kwa AMD, la sivyo RAM yako itakimbia kwa kasi ya chini kuliko iliyoandikwa kwenye boksi. Bei za RAM zilipanda kwa kasi duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hiyo linganisha jumla ya madabodi na RAM pamoja, usilinganishe ubao peke yake.

Diski ni rahisi zaidi kuchagua. Diski ya kuzunguka husoma takriban MB 150 hadi 200 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika 550 hivi. NVMe, ile nyembamba kama kipande cha pipi ya kutafuna inayolala moja kwa moja juu ya ubao, hufika 3,500, na za kizazi cha nne hufika 7,000. Kwa kuhariri, 3,500 inatosha kabisa. Uwe macho: umbo lile jembamba huitwa M.2, na kuna SSD za M.2 ambazo ndani yake ni SATA. Soma maandishi, usiangalie umbo.

Mhariri wetu achukue NVMe ya TB 1 kwa Windows na miradi inayoendelea, na diski ya kuzunguka ya TB 4 kwa kazi zilizokwisha. Na nakala ya pili ya kila harusi ikae nje ya mashine hiyo, kwenye diski nyingine, mpaka wenyewe watakapochukua kazi yao. Bibi harusi hawezi kurudia kuaga wazazi wake kwa sababu diski imekufa. Kama fedha hazitoshi prosesa hiyo na diski ya nakala, apunguze prosesa anunue diski.

Pawasaplai, kifaa kinachopewa chenji

Pawasaplai ni lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti ndogo zinazotumiwa na vifaa vya ndani. Wengi huinunua kwa fedha zilizobaki, au hukubali iliyokuja bure ndani ya kasha. Sikubaliani kabisa na desturi hiyo, hasa kwetu ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Kifaa kingine kikifa, kinakufa peke yake. Pawasaplai mbovu inaweza kuondoka na madabodi, diski na kadi kwa mkupuo.

Usiamini namba kubwa ya ubavuni. Tafuta kijedwali kwenye stika, angalia mstari wa volti 12, soma ampia zake, zidisha kwa 12. Prosesa na kadi ya grafiki hunywa karibu umeme wao wote kwenye mstari huo. Nikikuta stika inayojitangaza wati 500 huku mstari wa volti 12 una ampia 18, najua ninashika kifaa cha wati 216 kwa kazi inayohusika. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 huonyesha zaidi ya ampia 40 hapo.

Hesabu ya mhariri wetu ni hii. Prosesa ya i5-12500 inaweza kupanda hadi wati 117. Siku akiongeza RTX 3060, hiyo ni 170. Ubao, RAM, diski na feni tuziwekee 70. Jumla ni wati 357, kwa hiyo 550 inampa nafasi ya kupumua, na hana haja ya 850 anazosukumiwa.

Alama ya 80 Plus ni kipimo cha matumizi bora ya umeme. Ya Gold, ikibeba nusu ya mzigo wake, hufikisha ndani takriban asilimia 90 ya umeme inaovuta ukutani. Unaobaki unageuka joto. Kwa anayerenda usiku kucha, yaani kuiacha mashine itengeneze video iliyokamilika, tofauti hiyo inaonekana kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Alama hiyo haisemi lolote kuhusu uimara, kwa hiyo angalia pia miaka ya waranti.

Mengine ya pawasaplai nayasema kwa mkupuo, kwa kuwa kila moja limeshaunguza mashine ya mtu:

- Za bei ya chini zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Kwetu lazima iwe 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 inalipuka.
- Kebo za pawasaplai moja usizihamishie nyingine, hata kama zinaingia. Mpangilio wa nyaya za ndani hutofautiana.
- Ukigusa kasha ukahisi umeme unatambaa kidoleni, soketi ya ukutani haina ethi. Mwite fundi umeme kabla ya kuendelea.

Nayo UPS, kifaa chenye betri kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika, inunue kwa wati. Namba kubwa iliyoandikwa VA si wati. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati zisizofika 400. Iwe na AVR, sehemu inayosawazisha volti zinazopanda na kushuka. Na kwa kuwa baadhi ya pawasaplai nzuri hujizima zikipewa umeme wa UPS za bei ya chini, chomoa waya wa ukutani ukiwa dukani uone kama mashine inaendelea kuwaka.

Kasha na joto

Hapa sina mengi. Angalia kwamba kasha linapokea ukubwa wa ubao wako: ATX ni milimita 305 kwa 244, Micro-ATX ni 244 kwa 244. Pima urefu wa kadi utakayoweka siku za usoni. Chagua lenye uso wa wavu, feni ya kuingiza hewa mbele na ya kutoa nyuma, na kichujio cha vumbi kinachotoka bila bisibisi. Vioo vya pembeni na taa za rangi havizuii vumbi la barabara ya mtaani. Kwa wa Zanzibar, Mombasa na Bagamoyo, mashine isikae kwenye dirisha linalopokea upepo wa bahari. Chumvi hula miguso taratibu, na hutaiona mpaka RAM ianze kupoteza mawasiliano.

Kadi ya grafiki inapohitajika kweli

Kwa michezo mizito, kazi za pande tatu za Blender, na mifumo ya akili mnemba inayoendeshwa nyumbani, kadi ndiyo ya kwanza kwenye bajeti. Hapo nenda na kumbukumbu ya kadi yenyewe: RTX 3060 ya GB 12 huweza kubeba mradi wa Blender unaomshinda ndugu yake mpya zaidi, RTX 4060 ya GB 8, ingawa ya pili ina kasi zaidi na hunywa wati 115 tu.

Kadi za mtumba ni nyingi. Mtandao wa sarafu ya Ethereum ulipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki tarehe 15 Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikifanya kazi mchana na usiku zilimwagika sokoni duniani kote. Si zote mbovu, lakini feni zake zimechoka. Kuna tatizo kubwa zaidi, kadi feki: kadi ya zamani sana huandikwa upya ndani ili ijitambulishe kama mpya. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina.

Siku ya kununua

Iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nenda asubuhi, siku ambayo huna haraka. Prosesa inaweza kuuzwa ikiwa ndani ya boksi au bila boksi. Isiyo na boksi huja bila feni ya kupoza, kwa hiyo jumlisha bei ya feni kabla ya kushangilia unafuu. Mwombe fundi aunge mashine mbele yako na kuiwasha. Ingia kwenye BIOS uhakikishe RAM zote zinaonekana na zinakimbia kwa kasi uliyolipia. Diski zifunguliwe kwa CrystalDiskInfo, inayoonyesha zimetumika saa ngapi. Diski "mpya" yenye saa elfu nane si mpya. SSD au fleshi yenye bei ya kushangaza ipimwe kwa H2testw, ambayo huijaza yote na kuisoma tena, maana zipo zinazojitangaza TB 2 huku nafasi ya kweli ni ndogo mno.

Kisha chomeka fleshi yako yenye mradi halisi, uuendeshe nusu saa nzima huku ukitazama joto la prosesa. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayekataa kuwasha mashine kabla ya kupokea fedha, muage kwa heshima uende duka la pili.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inayotaja kila kifaa kwa jina kamili. Risiti iliyoandikwa "kompyuta 1" haitakusaidia RAM moja ikifa mwezi wa nne. Piga picha namba za utambulisho za madabodi, kadi na pawasaplai kabla kasha halijafungwa. Uliza waranti ni ya duka au ya kiwanda, na iandikwe nyuma ya risiti pamoja na tarehe. Maboksi yote matupu yahifadhiwe juu ya kabati mpaka muda huo uishe, maana wapo wauzaji wasiopokea kifaa kilichorudishwa bila boksi lake.